Mama, Mashine ya Sumaku na Kete za Bao

Kila anayesikia kwamba baada ya kiharusi nilimpeleka Mama Chennai, India, "kupigwa shoti kichwani" huniuliza swali lilelile: je, ilisaidia? Wengine hawasubiri hata salamu ziishe. Wana mzazi yuko kitandani, au mume aliyepooza upande mmoja, wameona kwenye simu video ya mzee fulani wa Kihindi akishika kikombe na kunywa chai, na wanataka ndiyo au hapana kabla hawajauza kiwanja. Naandika kwa kirefu ili nipumzike kurudia kwenye simu, na pia kwa sababu jibu lenyewe haliingii kwenye ujumbe wa sauti.

Nianze na hilo la shoti. Mama hakuunganishwa na umeme. Alichowekewa kichwani ni koili, waya wa shaba uliozungushwa na kufunikwa plastiki, wenye umbo la tarakimu 8 iliyolala, pamoja na mpini wa kushikia. Umeme mkali hupita ndani ya koili kwa kitambo kifupi mno, ukazaa sumaku inayopanda na kushuka ghafla. Sumaku hiyo hupita kwenye ngozi na fuvu bila kujeruhi kitu, na chini yake, kwenye gamba la ubongo, huamsha mkondo mdogo wa umeme. Kanuni ni ya Michael Faraday, ya mwaka 1831, ileile inayoendesha jenereta. Kuipeleka kwenye kichwa cha binadamu ilikuwa kazi ya Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985: waliweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, wakabonyeza, vidole vikaruka. Miaka michache kabla yao kulikuwa na waliopitisha umeme moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa. Ilifanya kazi, ila iliuma. Hii ya sumaku wataalamu wanaiita TMS. Mama alikuwa anaiita "ile temesi", na mpaka leo nyumbani hatuna jina jingine.

Mama ni mshona kofia. Anakaa Ngamiani, Tanga, na tangu nikiwa mtoto nimemkuta na kitambaa cheupe mapajani, anatoboa vitundu vidogo kwa sindano nene na kuvizungushia uzi kimoja baada ya kingine hadi ua lijitokeze. Mkono wa kushoto unakaza kitambaa, wa kulia ndio unaofanya kazi yote ya maana. Kofia moja nzuri inaweza kula miezi. Nalisema hili mapema kwa sababu daktari anapouliza "mgonjwa anataka nini?", familia nyingi hujibu "apone". Sisi tulikuwa na jibu dogo zaidi na gumu zaidi: ashike sindano.

Aliamka alfajiri mdomo umepinda upande, mkono na mguu wa kulia havimsikii, maneno yanatoka yamelegea. Kipimo cha CT kilionyesha mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida inatakiwa iingie ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mtu aliyeamka nazo hakuna anayejua zilianza saa ngapi. Kwa hiyo hilo halikuwepo. Presha yake ilikuwa juu sana. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye droo ya cherehani, alikuwa ameviacha tangu Ramadhani kwa sababu "najisikia mzima". Sisi Watanzania tunapenda kuamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazungu wanene. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, vijijini Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, uliokuja kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta Dar wagonjwa wapya zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ukishalinganisha umri, wakati Hai ni kama 108. Hizo za Dar ni nyingi kuliko za nchi nyingi tajiri. Na nyuma yake, mara nyingi, ipo presha isiyotibiwa.

Mguu ulirudi kwanza. Baada ya wiki chache alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, halafu kwa fimbo. Kauli nayo ikarudi, isipokuwa akichoka. Mkono haukurudi. Bega lilianza kujaribu, kiwiko kikafuata, lakini kiganja kilibaki ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Baadaye nilielezwa kwa nini mambo huenda hivi kwa wengi: kutembea kuna njia kadhaa za akiba kutoka ubongo hadi uti wa mgongo, lakini kutenganisha kidole kimoja na kingine kunategemea mno njia moja kuu, na ikikatika hiyo hakuna ya kuiziba vizuri.

Hapo ndipo kikao cha familia kilipoitishwa. Mjomba alitaka kisomo na mafuta ya kuchua. Kisomo kilifanyika, na sina neno nacho. Mama alilala vizuri usiku ule. Mafuta nayo hayakumdhuru, ila yule mchuaji alikuwa anauvuta mkono kwa nguvu kutoka begani "mishipa ifunguke", na bega la mtu aliyepooza halina misuli ya kulishikilia. Likaanza kuuma, na maumivu yale yalitusumbua kuliko ngumi yenyewe. Ukimnyanyua mgonjwa wa kiharusi usimvute mkono ule. Hilo nalisema popote, hata msibani.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Yeye ndiye aliyeona video. Akasema atalipa nauli na matibabu, mimi niombe ruhusa kazini nimsindikize Mama, na hapo mjadala ukaisha, kwa sababu mwenye hela akishasema hakuna anayefungua tena ajenda.

Sitaitaja hospitali. Ilikuwa kubwa, safi, na pale mapokezi ulisikia Kiswahili mara kwa mara, maana Watanzania na Wakenya wamekuwa wakienda India kwa matibabu kwa miaka. Manesi walimwita Mama "Amma" naye akaitikia siku ya kwanza tu. Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba kabla ya tiba yoyote mashine ilitumika kwanza kupima.

Walimkalisha kwenye kiti cha kuegemea, wakambandika vibandiko vyenye waya kwenye misuli ya chini ya kidole gumba cha kulia, cha upande mgonjwa. Mtaalamu akasogeza koili upande wa kushoto wa kichwa, ule uliopata kiharusi, akawa anabonyeza, anahamisha nusu sentimita, anabonyeza tena. Kila mbonyezo una mlio mkavu, tak, ndiyo maana tulipewa vizibo vya masikio. Kwenye skrini mstari ulikuwa umenyooka. Akaongeza nguvu. Mstari umenyooka. Nilikuwa nautazama ule mstari kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Akamwambia Mama ajaribu kukunja mkono kidogo wakati anabonyeza, kwa sababu misuli iliyokwisha kujikaza huitika kirahisi. Tak. Mstari ukainuka, kikilima kidogo kisichozidi ukucha. Akarudia, kikainuka tena. Kidole chenyewe sikukiona kikitingishika. Mama ndiye aliyekihisi: "Kimenistua."

Daktari alisema kilima kile maana yake njia kuu haijakatika yote. Ipo, nyembamba, lakini ipo. Niligundua baadaye kwamba kule Auckland, New Zealand, Cathy Stinear na wenzake walitengeneza utaratibu mzima wa kutabiri mkono utafika wapi, ukianza ndani ya siku chache za mwanzo. Siku ya 3 baada ya kiharusi wanapima nguvu ya kuinua bega na ya kunyoosha vidole, kila kimoja kwa alama 5. Ukipata jumla ya alama 5 au zaidi huhitaji mashine, mkono una nafasi nzuri. Ukipata chini ya hapo ndipo wanapotumia TMS kuangalia kama ujumbe unafika. Toleo lao jipya lilichapishwa mwaka 2017. Kwa mtazamo wangu hicho ndicho chombo hiki kinachofanya bila ubishi mwingi: kukueleza ukweli wa njia ya ubongo, ili familia isipange ndoto za bure wala isikate tamaa mapema. Sisi kilitupa sababu ya kufanya mazoezi.

Tiba yenyewe ilianza kesho yake, na hapo Mama akagoma. Mtaalamu alisogeza koili upande wa kulia wa kichwa. Mama akamshika mkono kwa kushoto kwake, akanigeukia: "Mwambie anakosea. Mgonjwa ni huku." Nikatafsiri. Yule kijana akacheka, akaenda kumwita daktari, daktari akavuta kiti.

Alieleza hivi. Pande mbili za ubongo huwasiliana muda wote, na sehemu ya kazi yake ni kuzuiana, ili unapotaka kutumia mkono mmoja mwingine usidandie. Kiharusi kikiupiga upande mmoja, ule mzima, kwa nadharia, hubaki bila wa kumzuia, na yeye huendelea kumkandamiza mwenzake aliyeumia. Mashine ikitoa mipigo ya polepole, mmoja kwa sekunde, hupunguza makali ya sehemu iliyo chini yake. Mipigo ya haraka, kuanzia 5 kwa sekunde na kuendelea, hufanya kinyume, inaichangamsha. Kwa hiyo mna njia mbili: mtulize mzima, au mchangamshe mgonjwa. Wao walichagua kumtuliza mzima, kwa sababu hatari ya kuleta degedege ni ndogo zaidi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho wa tafsiri yangu, akasema: "Kumbe ni wake wenza hao. Mmoja akiugua, mwenzie anatawala nyumba." Daktari alipotafsiriwa alicheka hadi akavua miwani. Mama akalaza kichwa, akaruhusu.

Dakika 15 hadi 20, tak moja kila sekunde. Ngozi ya kichwa inatikisika kidogo, misuli ya paji inajikunja. Siku za mwanzo aliumwa kichwa kidogo, panadoli ikatosha. Kabla ya yote hayo waliuliza maswali ambayo kliniki yoyote isiyoyauliza ukimbie: ana chuma kichwani, kama klipu ya mshipa? Ana betri ya moyo? Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio? Amewahi kuanguka kifafa au degedege, hata mara moja baada ya kiharusi? Anatumia dawa gani?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningetaka lisomwe na kila mwenye mgonjwa. Mashine ilipozimwa, Mama hakurudi chumbani. Alivushwa korido moja, mlango wa pili kulia, akakalishwa mezani mbele ya binti mmoja wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ambaye hakuwa na huruma hata chembe. Kwa muda mrefu kuliko ule wa mashine, binti yule alimfanyisha kitu kimoja: kufungua. Nilidhani kazi ya mkono ni kushika. Mkono wa Mama ulikuwa unashika tayari, tena kupita kiasi. Kushika si kazi, kazi ni kuachia. Alipewa kikombe cha plastiki. Akakifikisha kinywani kwa msaada wa bega. Kisha akabaki nacho, hawezi kukiweka chini, vidole vimekiganda. Binti akaweka kiganja cha Mama ukingoni mwa meza, kifundo kikainamia chini, na kwa mkao huo vidole vikalegea vyenyewe kidogo, kikombe kikateleza. "Sasa wewe," akasema. Mama alikunja uso wote kwa ajili ya kidole cha shahada. Kilinyooka. Si chote, pingili ya mwisho tu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji kama aliyebeba ndoo ya maji kutoka mtoni.

Wagonjwa wengi pale walikuwa wanaruka sehemu hiyo. Wamelipia kifurushi cha mashine, wamepigwa tak zao, wanatoka kwenda sokoni kununua vitenge vya Kihindi vya kupeleka nyumbani. Na kwa haki, hakuna aliyewazuia: kwenye karatasi ya malipo mashine na mazoezi viliandikwa mistari miwili tofauti, kila kimoja na bei yake, na ukibanwa na hela unafuta kile kinachoonekana cha kawaida. Jirani yetu wa lodji, mzee wa Mbeya, mwanawe alifuta mazoezi. "Mazoezi hata nyumbani yapo." Yapo, lakini wazo zima la kuutuliza ubongo ni kwamba kwa muda mfupi baada ya hapo huwa tayari zaidi kujifunza. Ukiondoka bila kuufundisha chochote, umelipia kuandaa shamba usilopanda.

Usiku Mama akilala nilikuwa nasoma. Mimi si daktari, ni mhasibu, nimezoea kuuliza risiti iko wapi. Nikakuta wakubwa wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2020 jopo la wataalamu, wengi wao wa Ulaya, likiongozwa na Jean-Pascal Lefaucheur, liliipa njia ileile aliyofanyiwa Mama, mipigo ya polepole upande mzima kwa ajili ya mkono, daraja la juu kabisa la ushahidi, kwa wagonjwa walio kwenye miezi ya mwanzo baada ya kiharusi. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, 2018, yalikuwa yametoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani liitwalo NICHE. Watu 199 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 12 nyuma, kwenye vituo 12, wengine mashine ya kweli, wengine ya bandia inayolia vilevile, na wote wakapewa mazoezi yaleyale ya mkono. Miezi 6 baada ya tiba walipimwa kwa kipimo cha uwezo wa mkono, cha alama 66, kilichotokea Göteborg, Sweden, mwaka 1975. Waliopanda kwa alama 5 au zaidi walikuwa asilimia 67 kwenye mashine ya kweli, na asilimia 65 kwenye ya bandia.

Nilisoma tarakimu zile mara kadhaa. Wapo waliotetea kwamba huenda koili ile ya bandia haikuwa bandia kabisa. Wapo pia, mwaka 2019, waliopima kule kukandamizana kwa pande mbili za ubongo na wasikuone mapema baada ya kiharusi, wakati ambapo nadharia ilikutaka kuwepo. Kulijitokeza baadaye, kwa hiyo huenda ni matokeo na si chanzo. Wake wenza wa Mama, kumbe, huenda hawakugombana hivyo. Lakini mimi macho yangu yalibaki kwenye ile 65. Watu waliokaa chini ya mashine isiyo na kitu, theluthi mbili yao mkono ulisogea. Kitu gani kiliwasogeza? Walichopata wote: wiki kadhaa za mazoezi ya mkono, yenye mpango, na mtu wa kuwasimamia.

Kesho yake nilimuuliza daktari. Hakukasirika. Alisema yeye anaamini mashine inaongeza kitu kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye kile kilima kwenye skrini, na kwamba hajui kumchagua nani kwa uhakika. Jibu hilo lilinipa imani naye kuliko vyeti vyote vilivyokuwa ukutani.

Kwa hiyo, ilisaidia? Tulipoondoka Chennai Mama alikuwa anaweza kunyoosha vidole viwili na kuachia kikombe bila meza. Sehemu gani ni ya mashine, gani ni ya yule binti, gani ni ya miezi minne kupita tu, maana ubongo nao hujitengeneza wenyewe zaidi mwanzoni, hakuna mizani ya kutenganisha kwa mtu mmoja. Anayekwambia anaweza kutenganisha ana kitu anauza.

Nyumbani ndiko kazi kubwa ilikofanyika, na haikuhitaji viza. Binti wa fizio alitufundisha jambo moja la kwenda nalo: uufunge mkono usiougua. Asili yake ni mtafiti Edward Taub wa Alabama, Marekani, aliyeanza na nyani: mnyama asiyetumia mkono mbovu huacha kabisa kuujaribu, lakini ukimnyima ule mzima anaurudia. Jaribio kubwa la mwaka 2006, la watu 222 huko Marekani, liliwavalisha glavu mkono mzima kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki mbili, huku wakifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku, na faida yake ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Si kila mtu anafaa. Lazima vidole na kifundo viwe vinaweza kunyooka japo kidogo, vinginevyo ni mateso tu. Sisi hatukufanya kwa ukali ule. Tulimvalisha soksi nene ya mpira wa miguu ya mwanangu mkono wa kushoto, asubuhi baada ya chai mpaka adhuhuri, akiwa amekaa, kamwe si wakati wa kutembea au kwenda msalani. Kwa kula tulimwachia. Mtu wa Pwani umlazimishe kutapanya wali mbele ya wajukuu, utampoteza siku ya kwanza.

Pale hospitali walikuwa wanampima kwa ubao wenye matundu tisa na vijiti tisa, unahesabiwa muda wa kuvichomeka na kuvitoa. Hatukuwa nao. Tulikuwa na bao la marehemu Baba, mashimo 32, kete 64 za komwe. Kuokota komwe moja kati ya gumba na shahada, kuisogeza, kuiachia kwenye shimo. Mwanzo alikuwa anazikumba kama anazoa pumba. Halafu tatu tatu. Kisha moja, ikidondoka njiani, mjukuu anaifuata chini ya kochi. Ilipofika hatua ya kutaka kucheza kweli na kumshinda mtu, hatukuhitaji tena kumbembeleza. Kazi nyingine zilikuwa za jikoni: kuchambua mchele kwenye ungo, kumenya vitunguu saumu, kubana na kubanua vibanio vya nguo kwenye kamba. Vibanio ni vigumu kuliko vinavyoonekana. Asubuhi zenye baridi ngumi ilikuwa inajifunga tena, tukawa tunalowesha mkono kwenye maji ya uvuguvugu, tena tunayapima kwanza kwa mkono wetu, maana upande ule hauhisi joto vizuri. Na siku nyingine alikataa kila kitu, akalala. Uchovu wa kiharusi si uvivu, tuliuheshimu.

Hivi sasa anafunga vifungo vya gauni, anashika kalamu, anasalimiana kwa mkono wa kulia na kuuachia mkono wa mgeni bila kuusahau. Sindano nene anaishika. Kuchomoa uzi kwenye kitundu kile kidogo, hapana. Amebadilisha kazi: kulia kunakaza kitambaa, kushoto kunashona, na vitundu vimekuwa vikubwa kidogo. Fundi mwenzake alimwambia vinaonekana. Akamjibu apunguze bei.

Kaka hajaacha kutuma viungo vya mtandaoni. Cha karibuni kilikuwa cha kifaa kidogo cha betri na sifongo mbili za kufunga kichwani, kinachopitisha umeme hafifu wa miliampea 1 au 2. Hicho ni kitu kingine, kinaitwa tDCS. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba umeme hafifu namna hiyo hubadilisha usikivu wa ubongo kwa muda, na tangu hapo watafiti wengi wameujaribu kwenye kiharusi, matokeo yakiwa ya kupanda na kushuka. Maabara ni maabara. Nyumbani, sifongo ikikauka inaunguza ngozi, ukikosea upande unaweza kuwa unatuliza ulichotaka kuchangamsha, na hakuna wa kukwambia usimame.

Nilimpigia. Nikamuuliza bei, akaitaja kwa riyali, nikapiga hesabu kwa shilingi. Nikamwambia kwa hela hiyo fizio wa hapa Tanga anaweza kuja nyumbani miezi kadhaa, na ikabaki ya vidonge vya presha, ambavyo Mama sasa anavimeza mbele ya mjukuu anayeweka alama kwenye kalenda. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, nitumie namba yake. Fizio anakuja Jumatatu na Alhamisi. Mama analalamika tu kwamba anafika saa ileile ya tamthilia ya Kituruki.